Madoa

Miaka kumi na mmoja nachambua machungwa Muheza.
Hili limeumwa na nzi, hili limebabuliwa na jua,
hili limeoza: bonyeza hapa, karibu na kikonyo.
Mkono unajua kabla ya jicho.

Pafu la mwanangu halibonyezeki.
Daktari Kiondo kaiinua picha dirishani,
wodi ya watoto, Bombo, saa nne asubuhi,
kidole chake kikapita: hapa, hapa, na hapa juu.
Madoa matatu, kila moja kama punje ya mtama.

"Uvimbe wa ini umenywea. Kipimo cha damu kimeshuka.
Sasa kifuani kunaota nini?"
Ananiuliza mimi au anaiuliza picha, sijui.
"Saratani ikihama hupanda mbegu hivi.
Na vijidudu, vikikuta mwili umeishiwa askari,
huandika kwa mwandiko huu huu."

Homa ya Mhina haitaji jina la aliyeituma.
Tukikosea huku, tunammiminia dawa kali
mtoto ambaye kinga yake imekwisha.
Tukikosea kule, tunatibu kikohozi
na mgeni anaendelea kujenga.

Nilitaka kusema: sokoni tunakata moja, tunaona.
Naye akalisema hilo hilo, kwa maneno ya hospitali:
sindano katikati ya mbavu, kinyama chembamba kama uzi.

Nikishika kalamu nitie sahihi, akauliza,
macho yapo kwenye faili:
"Nyumbani nani anakohoa?"

Shemeji yangu Sempombe.
Tangu mavuno ya mahindi, chumba kimoja na Mhina,
na sisi tunasema ni vumbi la mkonge.
Nimemficha kama chungwa bovu chini ya gunia.
Nikamtaja.

Siku tisa.
Mhina anahesabu matone ya dripu,
akifika ishirini anarudi moja,
hajafundishwa zaidi ya hapo.

Ijumaa karatasi ikaja: kifua kikuu.

Nikapiga kigelegele.
Wodi nzima ikageuka. Mama wa kitanda cha sita
akamvuta mwanawe karibu:
mtu gani hushangilia TB?

"Ini bado," daktari akasema polepole. "Kuna kupasua."
Najua bado. Nimesikia.
Sempombe kapelekwa kupimwa, kanuna, hasemi nami.

Kwenye mkoba nilikuwa na chungwa moja, lina doa.
Nikammenyea Mhina,
sikulibonyeza.