Msumari

Sheria ya nne, kwenye ubao wa mlangoni:
usipigilie msumari ukutani.
Basi kalenda yangu huegemea birika,
saa hulala chali mezani,
na marehemu mama, katika fremu yake ya mbao,
miaka sita amekaa sakafuni
akiutazama mguu wa kitanda.

Mwenye nyumba namjua.
Nilimjua kabla hajawa mwenye chochote:
Sabina Jerotich, mashine ya tatu,
kiwanda cha blanketi, zamu ya usiku,
nyuzi zikitujaa puani, tukipiga chafya za rangi.
Andazi moja, vinywa viwili.
Mishahara yetu ilikuwa pacha,
hata makato yake yalifanana.

Mwaka ule chama kikatugawia
elfu sitini kila mtu.
Yeye akapanda hadi Kiamunyi
akanunua mavumbi, mawe manne ya mpaka
na kichaka cha leleshwa.
Kantini nzima tukamcheka:
"Sabina kaolewa na upepo!"
Mimi zangu nilizipeleka wodi ya upasuaji,
zikahesabiwa dirishani, noti kwa noti,
na mama akaamka akauliza uji.

Ardhi ina tabia ambayo mshahara hauna:
hulala usiku, ikaamka imenenepa.
Haigongi kadi asubuhi. Haikohoi.
Chumba kimoja cha mabati kikazaa cha pili,
benki ikaona, ikatabasamu,
ikamkopesha kwa dhamana ya yale mavumbi.
Nami nilikwenda. Karani akauliza, "Una nini?"
Nikasema nina risiti.
Ninazo kweli, kopo zima la mafuta ya kupikia,
mia mbili sitini na kitu,
kila mwezi wa ujana wangu
umegongwa muhuri: IMELIPWA.

Ndipo lami ikaja.
Tulitoka wote kuilaki,
tukaunusa ule moto mweusi kama pilau ya harusi,
watoto wakaivulia viatu.
Kodi ya serikali tulikatwa sawa,
kodi ya nyumba nalipa peke yangu;
lugha yenyewe imechoka kuzitenganisha.
Lakini lami ile ile, ilipofika langoni, ikagawanyika:
kwake iliingia kama mgeni mwenye kapu,
kwangu ikapenya chini ya mlango,
karatasi iliyokunjwa mara mbili.
Kuanzia Julai, elfu tisa itakuwa elfu kumi na mbili.
Mwandiko niliujua. Zile "g" zenye mkia mrefu
ndizo zilizokuwa zikiandika jina langu
kwenye daftari la zamu, siku nikichelewa,
kana kwamba sikuchelewa.

"Ni riba, Kwamboka," aliniambia kwenye kamba ya nguo,
akikamua shuka lililokwisha kukauka.
"Benki nayo ni mwenye nyumba wangu."
Nilimwamini. Na bado nilihesabu:
riba yake ina mwezi wake wa mwisho, umeandikwa;
wangu mimi hauandikwi popote.

Usiku sikulala. Si wivu.
Au ni wivu, sijui, kulikuwa na giza.
Elfu sitini ile, lau ingelala Kiamunyi,
leo ingekuwa milioni mbili na ushee.
Ililala wodini. Ikanipa
miaka kumi na mmoja ya mama
akilalamikia chumvi yangu,
akisuka vikapu visivyosimama,
akiwaita wanangu majina ya wajomba waliokufa.
Kiwanja changu kilikuwa na mapafu.
Hakuna dalali awezaye kukitajia bei.

Alfajiri nikaazima nyundo kwa fundi wa chumba cha sita.
Mapigo matatu. Plasta ikalia kidogo, ikanyamaza.
Nikamtundika mama
mahali anapouona mlango, na anayeingia.

Tarehe tano Sabina akaja.
Akauona msumari. Akaiona picha.
Alileta machungwa kule wodini, sasa nakumbuka,
siku ile ile ya kupimiwa kiwanja,
viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.
Akasogea, akainyoosha fremu
kwa kidole kimoja, kushoto kidogo.
Kisha akafungua kitabu cha risiti
akauliza leo ni tarehe ngapi,
ilhali anaijua.