Kipakiti

Duka la Crisanta lina dirisha la nondo,
na nyuma ya nondo vipakiti vimening'inia kama shanga:
shampuu, siki, kahawa, sabuni ya unga.
Hapa Iloilo, mtaa ulio nyuma ya soko la samaki,
hakuna anayenunua chupa. Chupa ni ya wenye mshahara.

Librada alinunua kipakiti kila siku, miaka kumi na mmoja.
Peso nane. Nani hukumbuka peso nane?
Zilimtoka kama jasho, bila kuaga.

Hadi Jumanne moja umeme ulipokatika.
Akakosa la kufanya, akashusha kalenda ya mwaka jana,
akaigeuza, akachora mstari katikati:
huku vipakiti, huku chupa.
Akapima kwa kijiko cha dawa ya mtoto,
polepole, kama mshonaji anayekishuku kitambaa.

Theluthi.
Katika kila peso tatu, moja ilikuwa ya ufukara wake,
kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha,
hakuna karani aliyekuja kuidai.

Twaambiwa haba na haba hujaza kibaba.
Ni kweli. Lakini haba na haba, jamani,
ndivyo pia kibaba kinavyokauka,
na anayekunywa hasikiki akimeza.

Alikwenda kwa Crisanta na kalenda mkononi
kama hati ya mashtaka.
Crisanta hakubishana. Alifungua daftari la madeni:
majina arobaini na mawili,
mengine yamehamia Cebu, mengine makaburini.
"Kwangu hununui sabuni," alisema. "Unanunua kusubiriwa."

Librada akakaa juu ya kreti ya soda.
Kumbe bei si namba tu. Ni watu wengi
wanaosema kwa mdomo mmoja:
dereva wa lori na mafuta yake,
panya wa ghalani, woga wa mwenye duka,
na yule bwana wa pikipiki
anayekukopesha tano umrudishie sita
(kwa mwezi, si kwa mwaka; soma tena).

Kujua hakukumwongezea hata senti.
Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani
uchumi ni suti, na skrini yenye mishale.
Kujua kulimpa swali,
akalitumia kama kisu cha jikoni, kila siku:
nikichukua hiki, naacha kipi?
Muuza televisheni alimsifia malipo mepesi.
Mepesi kwa nani?
Shemeji yake Onofre alikuja na mpango
wa pesa kuzaana mara mbili kwa siku tisini.
"Na hao watoto," akauliza, "mama yao ni mfuko wa nani?"
Onofre hajapiga simu tena.

Wanawake wanane, dumu moja, lita ishirini.
Aliyelileta ni Crisanta mwenyewe:
faida ndogo, lakini pesa mkononi, daftari limefungwa.
Wiki ya kwanza kila mmoja alikodolea macho kikombe cha mwenzake.
Wiki ya pili Fe hakulipa.
Hilo nalo ni uchumi,
na nyuma ya kalenda halikuwa na jibu.

Kahawa bado ananunua kipakiti.
Nilipomuuliza, alicheka mpaka akashika meza:
"Kopo zima likiwa ndani, wageni huongezeka."
Hiyo nayo ameipigia hesabu.