Hesabu ya Kamba

Nilipohamia Pipeline, ghorofa ya sita,
Mutinda mwenye funguo alinipandisha paani
akanionyesha kamba yangu:
kutoka msumari ule hadi tangi la maji,
hatua tatu za mtu mfupi.
"Ukipita hapo," akasema, "umeingia kwa Mama Nekesa,
na Mama Nekesa hana simile."

Nilikuwa na magunia mawili ya nguo.
Magunia, kama muuza viazi.
Sketi za mwili niliokuwa nao chuoni,
suruali za mwili ninaouahidi kila Januari,
blauzi tano za waridi, zote nilizinunua
siku nilizolia chooni kazini.
Na bado kila alfajiri
nilisimama mbele ya lundo, mkono kiunoni:
sina la kuvaa.

Maji huja Jumanne na Ijumaa.
Madumu manne: mawili ya sufuria na mwili,
moja la povu, moja la kusuuzia.
Nikapiga hesabu kwa vidole, halafu kwa vibanio.
Kumi na viwili.
Kisichopata kibanio kikatafute kwao.

Nikaanza na suruali nyeusi,
isiyotangaza vumbi la Outering.
Ikaikubali blauzi nyeupe. Ikalikubali shati la samawati
lililokuwa la kaka yangu Kiptanui kabla hajanawiri.
Sketi ya kaki nayo ikasema, mimi sina ubaguzi.
Sweta moja ya kijivu, ya Julai,
mwezi ambao Nairobi hukumbuka
kwamba jina lake ni maji baridi.
Kila nguo niliihoji kama posa:
utakaa na nani?
Waliojibu "peke yangu" wakarudi guniani.

Fundi Kerubo, chini ya ngazi,
akapandisha pindo, akabana kiuno,
sindano tatu mdomoni, akinisema kupitia pembe ya meno:
unalala na suruali ya watu wawili
halafu unalaumu mkate.
Mia na hamsini. Hakupunguza hata kumi.

Magunia nikamuuzia kijana wa mkokoteni,
nguo ishirini ishirini, bila kuangalia.

Wiki ya tatu nikawa Gikomba, natafuta soksi tu,
wallahi soksi,
nikaiona blauzi yangu juu ya henga.
Niliijua kwa kifungo cha nne,
nilikishona kwa uzi wa kijani usiku umeme ulipopotea.
"Kamera hiyo, dada! Imeshuka jana kutoka Uingereza!"
Mia mbili na hamsini.
Nikabishana. Mazoea ni kama ngozi.
Tukafika themanini, akaanza kuikunja,
ndipo nikamwachia mikononi.
Aliniita jina ambalo sitaliandika.
Nilicheka hadi daraja la mto,
soksi nikazisahau.

Sasa navaa gizani, na sikosei.
Pale kliniki ya meno, mapokezi,
hakuna aliyegundua kwamba Jumatatu ni Alhamisi
iliyofungwa kitambaa chekundu kichwani.

Nimeficha moja tu.
Gauni la manjano la harusi ya Cherotich,
manjano ya kupigiwa honi,
haliendi na chochote, halikuhojiwa.
Siku ile mama alilishika pindo
akasema limenikaa, akacheza
na nyonga yake mbovu hadi viti vikakusanywa.
Silivai. Nalifua mara moja kwa mwaka,
Agosti, na maji yake nayanunua.

Mwaka huu nilipanda nalo likidondoka,
kamba imejaa, vibanio vimekwisha.
Nikasimama tu, maji yakiingia viatuni.
Mama Nekesa alikuwa upande wake, anaanua.
Alilitazama gauni. Akanitazama.
Akasukuma shuka zake kando, hatua moja nzima,
akanipa vibanio viwili, vya buluu,
akaendelea kukunja.