Kilomita ya Kumi na Nne

Mashine imesema kilomita kumi na nne na mita mia tatu
kutoka Mtama, ukielekea Nyangao.
Nilituma mwanga kwenye ncha ya waya. Ukaenda,
ukagota palipokatika, ukarudi na habari,
kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Ni Novemba. Korosho zimelala ghalani,
mnada umekwama, kwani skrini ya ushirika
inazungusha kijiduara tangu asubuhi
na wakulima wanazungushwa nacho.

Shimo nimelikuta.
Si la greda wala la mvua.
La jembe. Kingo zake zina haraka.

Pembeni kijana, kafumbata kiganja.
Anapita tu, anasema. Jina Sefu Nnunduma.
Sikumuuliza anapita kwenda wapi porini huku.
Nimempa kurunzi: shika, mulika hapa.

Nikamenya: ganda jeusi, kisha nyuzi ngumu za kuzuia mvuto,
kisha mrija, kisha utelezi unaonata vidoleni,
na ndani kabisa, kumi na mbili:
bluu, chungwa, kijani, hudhurungi,
kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi,
manjano, zambarau, waridi, samawati.
Chuoni nilizikariri kwa sauti ya mama, kule Mchinga,
akihesabu ukindu unaotoka sufuria ya rangi.
Yeye alisuka. Mimi naunga.
Ukikosea rangi moja, kwake mkeka unaharibika;
kwangu, wa Masasi anapokea simu ya mtu wa Newala.

"Na shaba iko wapi?"
Limemtoka. Akaumeza ulimi, umeshachelewa.

Hamna shaba, Sefu. Hata ya kipini cha pua.
Hiki ni kioo, kimevutwa chembamba kama unywele,
kisafi hivi kwamba ungejenga dirisha lake
lenye unene wa kilomita nzima
ungemwona mtu wa upande wa pili akikupungia.
Kinachopita humo ni leza:
mwanga uliofundwa ukafundika,
rangi moja, hatua moja, hautawanyiki njiani
kama huu wa kurunzi yako unaomulika hadi magugu.
Wala usichungulie ncha. Hauonekani, lakini unaumiza.

"Kama hauonekani, umejuaje kwamba upo?"

Nimekuwa kazini miaka tisa.
Hakuna bosi aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikasema: kwa anayejibu upande wa pili.
Sijui kama ni jibu.

Napangusa kwa spiriti. Nakata ncha, wima.
Nalaza viwili uso kwa uso ndani ya mashine,
cheche inaruka, ndogo kuliko ya kibiriti,
na vioo viwili vinasahau kwamba viliwahi kuwa viwili.
Hasara: sifuri nukta sifuri mbili.
Hata umbea wa jirani kwa jirani hupoteza zaidi ya hapo.

Kurunzi inatetemeka.
Fungua mkono.
Hafungui.
Fungua, najua kimekuchoma, nami kilishanichoma mara nyingi,
kibanzi hakionekani na maumivu yanaonekana.
Nimebandika utepe wa gundi kwenye kidole chake, nikavuta.
Tukauinua kwenye mwanga: kikamemeta, kama uongo mdogo.
Nimekitia kwenye chupa ya takataka za vioo, pamoja na vyangu.

Fomu ya ofisi ina mstari: *Chanzo cha kukatika.*
Kalamu nimeiweka sikioni.

Wa tisa ulipoungana, manjano,
mnara wa ng'ambo ya bonde ukazinduka
na simu ya Sefu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe,
ametuma babu yake, tangu saa nne, kutoka ghalani:
uko wapi, mtandao umekufa,
uko wapi, wanasema leo hatuuzi,
uko wapi.

Ameishika kwa mkono ule ule.
Hajajibu.
Kurunzi bado ameielekeza shimoni,
sasa imetulia.
Zimebaki tatu.