Asilimia Tisini na Saba

Usinicheke. Programu ile nilipewa bure
kwenye flashi ya Ntirampeba, fundi simu wa Mwanga.
Akasema: humu kila mtu ni duka, kila mtu ni mteja,
unashusha kwa usiyemjua, naye anashusha kwako.
Nipe nikupe. Nikaona ni biashara ninayoijua.

Nilitaka masomo ya hesabu, kidato cha nne.
Jina lilisema hesabu. Nikalifungua mbele ya shangazi:
wanaume wawili wa mieleka, wamepakwa mafuta,
wanatukanana Kirusi,
na kirusi kikaingia pamoja nao, kimya,
kikatafuna madaftari yangu hadi asubuhi.

Kitu hakiji kizima. Kinakuja kama kitanda kilichofunguliwa:
miguu imeshuka na treni ya Tabora,
chaga ziko melini, zimekwama Mpulungu,
ubao wa kichwani uko kwa mtu
anayezima mashine yake akienda kulala.
Haba na haba, walisema wahenga.
Hawakusema haba ya mwisho iko nyumbani kwa nani.

Lakini lililoniuma halikuingia. Lilitoka.

Baba, Butoyi, muuza dagaa wa Kibirizi,
alinitajia madeni yake wiki ile mapafu yalipokataa,
nami nikarekodi. Dakika kumi na nne.
Kikohozi, jina, magunia,
kikohozi, jina, "huyu amelipa, mfute."
Nikaiweka sauti kwenye folda niliyoikuta tupu.
Sikujua ile folda haikuwa chumba, ilikuwa baraza.
Programu haikuuliza. Ilimpanga baba kati ya bidhaa zangu,
watu kumi na mmoja wakamchukua,
huko kwenye usiku wa nchi nyingine,
wakamsikiliza akidai magunia manne kwa mke wa Ruhomvya.
Nilifunga. Kufunga duka hakurudishi kilichokwisha toka.

Kisha umeme ukafanya yake:
ukaondoka, ukarudi na hasira, diski ikanuka moshi.
Tulikuwa tumemaliza arobaini ya baba.
Na wale wezi wangu, kumbe, ndio sasa ghala langu.
Nikaandika jina la faili, vidole vikikosea herufi.
Akatokea mmoja. Mmoja tu.
Akanirudishia baba polepole, siku tano,
tisini, tisini na tano, tisini na saba,
akazima.

Sasa sauti inasema: "Magunia sita, huyu ni—"
inaruka, inakwaruza, inakohoa ng'ambo ya pili.
Na Kibirizi nzima imeshasikia kuna shimo.
Kila mdaiwa ananiapia mlemle ndimo alimofutwa.
Hata mke wa Ruhomvya, ambaye nimemsikia mzimamzima,
anasema alilipa kwenye ile asilimia tatu.

Jana amekuja baba mkubwa Bukuru, pacha wake,
koo lilelile, kikohozi kilekile,
akavuta kiti karibu na kompyuta.
"Mwanangu, washa kinasa. Nitakujazia pengo.
Nani atajua?"
Jina lake yeye sijalisikia popote
katika zile tisini na saba.

Sikumjibu. Nilimpa chai.
Mashine naiacha wazi usiku kucha,
taa yake ya kijani inapepesa juu ya cherehani,
na shangazi, kutoka chumbani, anauliza
umeme huu analipa nani.