Kofia Isiyo na Kovu

Bytom, Novemba. Theluji ya kwanza imeshuka
tayari ina rangi ya masizi.
Ndani ya ghala la kiwanda cha chuma kilichokufa
Jagna anafunga waya kwenye pipa,
Roch anakaza ngoma kwa spana ya babu yake,
nami nimepiga magoti mbele ya mashine ya kunasa sauti,
nimetega maikrofoni
kwenye koo la bomba lenye kutu.

Alikuja hapa mwezi Mei, Waziri Mkuu.
Akakata utepe wa kiwanda ambacho hakikufunguliwa,
akavaa kofia ngumu, nyeupe kama yai,
na nyuma, juu ya kisogo, kibandiko cha bei
kilikuwa hakijabanduliwa.
Akasema: "Mimi ni mmoja wenu."
Kibandiko kikapepea.

Basi Jagna akaandika ubeti, akaufuta,
akaandika mwingine, akauchana,
mwisho yakabaki maneno manne:
*Kofia yako haina kovu.*
Hayo tu. Na kwa ulimi hayasemeki;
shurti uyang'oe kooni kama msumari ubaoni,
yatoke na kutu yake.

Redioni bingwa mmoja alicheka:
debe tupu haliachi kuvuma.
Kweli, bwana. Debe ni tupu.
Lakini lilikuwa na mkate, lilikuwa na makaa,
lilikuwa na mshahara kila tarehe kumi.
Uliza kwanza nani alilimwaga
ndipo uulize kwa nini linavuma.

Usiku wa tatu wa mazoezi, mlango ukagongwa.
Alojz wa ghorofa ya nne, kandambili kwenye theluji,
koti juu ya pajama. Tukajua: kelele.
"Mnakosea," akasema. "Nyundo ya ukumbi wa tatu
haikupiga hivyo. Mnaikimbiza."
Akainua mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu,
akaligonga pipa:

moja. mbili.

tatu.

moja. mbili.

tatu.

"Na hilo pengo?" Roch akauliza.
"Hapo ndipo tulipotoa mikono."
Akautazama wake. "Wenye bahati."

Tangu hapo wimbo ukawa na shimo katikati.
Jina la mkubwa lina silabi mbili,
lingeenea pale barabara, kama risasi mtutuni.
Hatukulitia.
Shimo lile lina wenyewe.

Siku ya onyesho walikuja watu mia tatu:
wauguzi waliotoka zamu, sare zingali mwilini,
wachimba makaa waliostaafishwa kabla ya mvi,
msichana wa nywele za kijani
na mdogo wake mabegani, masikio kazibwa kwa pamba.
Ubeti wa pili, umeme ukakatika.
Hitilafu, alisema meya kesho yake,
nasi tunajua hitilafu ile ilivaa tai.
Gitaa likanyamaza. Spika zikakohoa mara moja.
Giza tupu, na pumzi za watu, na harufu ya mafuta ya mashine.

Kisha Roch, kwa nyundo, kwa mkono:
moja. mbili.
Mtu akagonga nguzo kwa funguo,
mwingine bati kwa kisigino,
na Jagna akanguruma bila waya wala kipaza sauti,
*haina kovu, haina kovu,*
na kila lilipofika lile pengo
ghala zima likashika pumzi,
hata mtoto.

Uchaguzi umepita. Alishinda;
kwa kura chache, lakini alishinda.
Juzi wameanza kuliuza paa la kiwanda kwa kilo.
Mimi nabadilisha waya ulioungua.
Alojz huja kila Alhamisi na kiti chake mwenyewe,
huketi karibu kabisa na spika kubwa
(sikio la kulia halisikii kitu tangu mwaka wa themanini na moja)
na kumgombeza Roch:
bado unakimbia, kijana,
bado unakimbia.
Ngoja mkono utoke.