Matundu Manne

Ganzi ilianzia kidole kidogo,
ikahamia cha pete,
ikapanda kimyakimya hadi kiwikoni
kama mpangaji asiyelipa kodi, na bado anaongeza vyumba.
Nilidhani ni baridi ya Łódź,
Februari, na kiganja changu alfajiri yote
juu ya mpini wa chuma wa tramu.
Nilidhani ni uzee unabisha hodi.

Gitaa sikulidhania.
Nani humshuku mpenzi?
Besi yangu ilining'inia karibu na magoti
tangu nina miaka kumi na saba,
kwa kuwa kijana wa picha ukutani kwangu
aliivaa hivyo, miguu kaitanua, uso kaufunika kwa nywele.
Nywele zangu zilikwenda.
Mkanda ulibaki palepale.

Bogna anakaa nyuma ya kiwanda kilichokufa,
chumba cha chini, dirisha usawa wa viatu vya wapita njia.
Alifuma vitambaa miaka thelathini na mmoja.
Mashine zilimla sikio la kushoto,
ndiyo maana akachagua besi:
anaisikia kwa mbavu.

"Piga," akasema.
Nikapiga.
Vidole hakuvitazama. Alitazama bega langu
lililopanda hadi sikioni, kama lina umbea.

Samaki hukunjwa angali mbichi;
mimi nilikuwa ng'onda, miaka arobaini na sita.
Lakini yeye hakutaka kunikunja.
Alitaka kunikunjua.

"Gumba lako linalikaba gitaa koo. Limekukosea nini?
Lipumzishe nyuma ya shingo, kama unamshika ndege
ambaye hutaki aruke wala afe.
Kifundo kinyooke. Maji hayapiti
kwenye mpira uliopinda.
Na huo mkono wa kulia, mbona umeulaza ukingoni?
Mbao inakukata damu kama lastiki ya soksi.
Keti. Besi iko wapi?
Simama. Imekwenda wapi?
Basi ndipo ugonjwa ulipo. Ukikaa, ukisimama,
ikukute mahali pamoja."

Akachukua futi yake ya ushonaji,
akanipima kutoka kitovuni hadi kwenye nyuzi,
pini mdomoni, kama ananishonea suti ya kuzikiwa,
akauvuta mkanda juu
matundu manne.

Nilijiona kwenye kioo chake chenye ufa.
Nilionekana kama karani.
"Pumua," akasema, na kwa mara ya kwanza
nikagundua kwamba huwa sipumui nikicheza.

Jumamosi ile, harusi kule Zgierz,
Gerwazy aliacha vijiti juu ya ngoma akacheka hadi akakohoa:
"Umevaa bibu? Tukuletee uji?"
Mjomba wa bibi harusi naye akacheka, bila kujua kwa nini.
Nilipiga saa ya kwanza kwa aibu,
ya pili kwa hasira,
ya tatu nikasahau.
Saa tisa usiku nilikunja nyaya, nikatia mkono mfukoni,
na kidole kidogo kikanitajia kila kitu:
funguo, tiketi, njugu moja,
sarafu, na mistari midogo ya ukingoni mwake.

Nilirudi kwa Bogna na keki ya mbegu za popi.
Alipokuwa akiikata ndipo nikauona mkono wake wa kulia:
vidole viwili vimejikunja kiganjani,
havifunguki, hata kwa kisu, hata kwa mgeni.
Hucheza kwa vilivyobaki.

"Meza ya kiwandani," akasema,
"ilikuwa juu mno kwangu. Kwa vidole vinne tu.
Niliomba kigoda mwaka wa kwanza."
Akalamba sukari kwenye kisu.
"Walisema kinakuja."

Jumatatu, saa kumi na dakika ishirini alfajiri,
kabla ya kengele, kabla ya abiria,
nilipapasa chini ya kiti cha tramu
nikakuta wenzo ambao miaka kumi na miwili sikuugusa.
Ulikuwa umeshika kutu.
Niliuvuta kwa mikono miwili,
bega chini,
nikipumua.